Tukitoka Jumuiya, Nani Atalipa?

Kila mpaka wa Namanga kati ya Tanzania na Kenya unapochafuka, kauli ileile hurudi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu, watu wakasema tutoke Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 sisi wenyewe tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, na wapo waliopiga makofi wakitaka tumalize kazi kwa kutoka kabisa. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuanzia uwakala wa kutuma pesa kwa simu hadi ufundi wa simu na saluni. Kenya ikalalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume cha Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya, na kauli ikarudi kwa sauti kubwa zaidi: kama Jumuiya inatuzuia kuwalinda vijana wetu, tunakaa humo kwa faida ya nani?

Nimeisikia kwa wenye maduka, kwa walimu, kwa madereva wa malori na kwa wasomi wanaojua kuandika ripoti. Si kauli ya wajinga, na jibu la kuwaita watu wajinga halijawahi kumsaidia yeyote. Kwa hiyo naitaja kwanza kama wanavyoisema wenyewe.

Wanasema hivi. Tanzania ina pwani ndefu na bandari, ina chakula, dhahabu na gesi. Majirani ndio wanaotuhitaji. Kenya ina viwanda vilivyotutangulia na benki zenye mitaji mikubwa, hivyo soko la pamoja ni soko la Kenya. Ardhi yetu itachukuliwa na ajira zetu zitachukuliwa. Jumuiya imepokea wanachama hadi wamefika wanane, wakiwamo walio vitani: waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, Rwanda na Kongo zote zikiwa ndani ya Jumuiya, na Jumuiya haikuzuia. Michango hailipwi kwa wakati. Sisi tumo pia katika SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na sasa kuna Eneo Huru la Biashara la Afrika. Isitoshe, Waingereza walitoka Umoja wa Ulaya na wangali hai. Mali, Burkina Faso na Niger wametoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi. Nasi tutoke.

Malalamiko mengi kati ya hayo ni ya kweli, na sina haja ya kuipamba Jumuiya. Kilicho kibaya ni hitimisho. Nchi ikitoka kwenye umoja wa majirani zake, majirani hawahami. Wanabaki palepale, na sheria zao zinaendelea kumgusa mkulima, mchuuzi na dereva wetu kila siku. Kinachobadilika ni kwamba sheria hizo zinatungwa bila sisi kuwapo, na gharama inamwangukia yule mwenye uwezo mdogo wa kuibeba.

1. Tulikwisha kutoka mara moja

Wanaotaka tutoke huzungumza kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Jumuiya ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliundwa kwa mkataba uliosainiwa Kampala Juni 1967, ikaanza kazi Desemba mwaka huohuo. Ilikuwa na mambo ambayo hii ya leo haijayakaribia: shirika moja la ndege na shirika moja la reli yenye makao Nairobi, bandari zote zikiendeshwa kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala, na makao makuu Arusha. Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye kikao kimoja, na marais watatu hawakukutana tena kama mamlaka ya juu ya Jumuiya. Kenya na Tanzania nazo zilikuwa zikivutana juu ya nani anafaidi. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilikufa, Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na mwaka wa fedha ulipokwisha Juni 30 hapakuwa na bajeti mpya iliyopitishwa. Ikaishia hapo.

Mpaka ulipofungwa, magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wetu zilikamatwa. Hoja ya siku hizo ilikuwa kwamba watalii wanafikia Nairobi, wanalala Nairobi, wanakuja kuiona Serengeti na Ngorongoro kwa siku mbili tatu, kisha pesa yote inabaki Nairobi. Tukifunga, watashukia Kilimanjaro, ambako uwanja wa kimataifa ulikuwa umefunguliwa mwaka 1971. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki na uchungu wake ulikuwa wa haki. Lakini watalii hawakuhamia kwetu. Wengi walibaki Kenya wakaenda Maasai Mara, hoteli zetu za mbugani zikakosa wageni, na ilituchukua miaka mingi kujenga upya kile tulichokuwa nacho.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Hata hivyo njia ya Bologonja, inayounganisha Serengeti na Maasai Mara, haijafunguliwa tena kwa watalii hadi leo. Mgeni aliyeko Mara anayetaka kuingia Serengeti kwa gari huzungushwa hadi Sirari au Namanga, safari ya kutwa nzima kufika mahali alipokuwa akipaona kwa macho asubuhi. Serikali zetu zimekataa kuifungua kwa hoja ileile ya 1977. Uamuzi wa mwezi mmoja umekaa karibu nusu karne, na waongoza watalii waliozaliwa baada yake bado wanaubeba.

Kuna hasara nyingine ya mwaka ule ambayo ni nadra kutajwa. Jumuiya ilikuwa imegawana utafiti. Malaria ilichunguzwa Amani, kule Tanga. Utafiti wa tiba ulikuwa na kituo Mwanza. Virusi vilichunguzwa Entebbe, malale Tororo, samaki wa maji baridi Jinja, mazao na mifugo Muguga karibu na Nairobi. Mtaalamu wa Mwanza aliyetaka kujua habari za malale aliandika barua Tororo kama anayemwandikia mwenzake wa ofisi ya pili. Baada ya 1977 kila nchi ilibaki na maabara iliyokuwa juu ya ardhi yake na kuzikosa nyingine zote. Tukaunda taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, mwaka 1979, wakati uchumi umebanwa na vita vya Kagera. Sijaona aliyeandika mahali pamoja ni miaka mingapi ya ujuzi ilipotea katika mgawanyo huo, na kwa kuwa haikuandikwa, watu wanadhani haikuwepo.

Kisha yakaja madeni. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika na mahesabu hadi makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika: Kenya ipate asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Kila serikali ilibeba wajibu wa kulipa mafao ya raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Hapa naomba wanaotaka tutoke watulie kidogo, maana hapa ndipo neno "kutoka" lilipopata sura ya binadamu. Madereva wa treni, makarani wa posta, mafundi wa ndege na wafanyakazi wa gatini walidai haki yao hadi wakazeeka. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2005 walifikia makubaliano na Serikali na malipo yakaanza, lakini wengi wakasema hesabu hazikuwa sahihi, wakaendelea kudai. Aliyekuwa Dar es Salaam miaka ile anawakumbuka: wazee wenye mikongojo wamekaa katikati ya barabara, magari yamesimama, polisi wamewazunguka hawajui waanzie wapi. Walikuwa wakidai mafao waliyoyafanyia kazi zaidi ya miaka 25 nyuma. Wengine walizikwa kabla ya kulipwa.

Viongozi walioivunja Jumuiya ile hawakukaa barabarani.

2. Mahindi yatalipa asilimia 50

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba Kenya inatunyonya kibiashara. Ilikuwa na nguvu kubwa miaka ya 1970. Leo inahitaji kupimwa upya. Mwaka 2021, kwa takwimu za Kenya yenyewe, Kenya ilinunua kutoka Tanzania bidhaa za thamani kubwa kuliko ilizotuuzia. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo ni chakula: mahindi, mchele, vitunguu. Yaani soko tunaloambiwa tulikimbie ndilo linalomlipa mkulima wa Mbeya, wa Mang'ola na wa Kiteto.

Tazama jinsi biashara hiyo inavyokwenda pale chini. Mwanamke anayenunua vitunguu Mang'ola, akavisafirisha kwa fuso hadi Namanga, anaingia kwenye jengo moja ambamo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa; kituo hicho kilizinduliwa Desemba 2018 na Marais Magufuli na Kenyatta. Mzigo wake ukiwa hauzidi dola 2,000 na ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, anajaza cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinagongwa mhuri, na anavuka bila ushuru wa forodha na bila kulipa wakala. Mambo hayaendi vizuri hivyo kila siku. Kuna maofisa wasumbufu, kuna karatasi za afya ya mimea, na kuna vizuizi njiani. Lakini karatasi ile ndogo ndiyo inayomtofautisha na mtu anayepita njia za panya usiku akiwa na mzigo kichwani na hofu moyoni.

Nchi yake ikitoka Jumuiya, anakuwa mgeni kutoka nje, na kwa wageni Jumuiya ina ushuru wa pamoja. Kiwango cha juu cha kawaida ni asilimia 35, lakini kuna orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi. Mahindi yamo: asilimia 50. Maziwa: asilimia 60. Mchele: asilimia 75, ingawa Kenya kwa miaka mingi imejiombea nafuu ya kutoza 35. Viwango hivyo tuliviweka sisi pamoja na wenzetu ili kumlinda mkulima wa Afrika Mashariki dhidi ya wa mbali. Tukitoka, mkulima wa mbali anakuwa wa Kiteto.

Na hapa kuna jambo ambalo sijamsikia hata mmoja wa wanaotaka tutoke akiligusa. Septemba 2000 Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kwa kuhofia kupoteza mapato ya ushuru na viwanda vyetu kuzidiwa. Mwezi uliofuata COMESA ikazindua eneo lake huru la biashara, Kenya ikiwamo. Zambia na Malawi, ambazo pia hulima mahindi mengi, zilibaki. Kwa hiyo sisi tuna mlango mmoja tu wa kuingilia soko la Kenya bila ushuru wa kawaida, nao ni Jumuiya. Tukiufunga, Mzambia ataendelea kuuza mahindi Nairobi bila ushuru, lori lake likipita Tunduma, Iringa, Dodoma na Arusha, kwenye barabara tulizozijenga kwa kodi zetu, huku mahindi ya Mtanzania yakidaiwa asilimia 50 palepale Namanga.

Wanaotaja SADC wanasahau kwamba Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo SADC. Wanaotaja Eneo Huru la Biashara la Afrika wanasahau kwamba ratiba ya kuondoa ushuru wa bara zima inakwenda kwa awamu, bidhaa nyeti zikiachwa nyuma, na kwamba nchi za Jumuiya zilipeleka ratiba yao kwa pamoja. Tukitoka tunaanza kujadiliana peke yetu, tukiomba kwa majirani kile tulichonacho mkononi leo.

Kuhusu lile zuio la mahindi la Machi 2021: lilidumu siku chache, likalegezwa kwa masharti. Mei mwaka huohuo Rais Samia alikwenda Nairobi, akahutubia Bunge la Kenya, na wakubwa wa pande zote wakaagizwa kuondoa vikwazo vilivyorundikana. Nchi iliyo nje inaweza kuzuiliwa mahindi yake kwa miaka, na aliyezuia hana kikao cha kuitiwa.

3. Ardhi na ajira

Hofu ya ardhi ina mizizi mirefu na ninaiheshimu. Lakini ni hofu ya kitu ambacho hakimo kwenye maandishi. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Tanzania ndiyo iliyosimama kidete wakati wa majadiliano ili iwe hivyo. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Anayeona wageni wamejaa kwenye mashamba ya kijiji chake akamuulize mwenyekiti wa kijiji nani aliwagawia. Jumuiya haikumgawia mtu ekari hata moja.

Kwenye ajira kuna kujikanganya kukubwa zaidi. Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alitoa vitisho dhidi ya wafanyabiashara wa kigeni katika masoko ya jiji hilo, Watanzania wakiwamo. Bunge letu Dodoma likachemka, Serikali ikadai maelezo, na Kenya ikamkana mbunge wake, polisi wakamkamata. Tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini tulidai haki ya Mtanzania kuuza bidhaa Nairobi kwa msingi gani, kama si itifaki hii tunayoambiwa leo ni minyororo? Hatuwezi kuitaja Itifaki Mtanzania anapofukuzwa sokoni Nairobi, kisha tuitupe Mkenya anapofungua kibanda cha simu Kariakoo. Ukweli mwingine ni kwamba amri ya Julai 2025 ilitolewa tukiwa ndani ya Jumuiya. Uwe unaiunga mkono au unaipinga, imekwisha kuonyesha kwamba mikono yetu haikufungwa kama inavyosemwa.

4. "Wao ndio wanaotuhitaji"

Hii ndiyo hoja inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inatupa kiburi cha uongo. Ndiyo, bandari ya Dar es Salaam inahudumia Rwanda, Burundi, Uganda, Kongo, Zambia na Malawi. Lakini mzigo hauna uraia. Mzigo wa Kigali unaweza kupita Mombasa na Malaba. Shaba ya Katanga inaweza kwenda Lobito nchini Angola, kwenye reli ambayo Marekani na Ulaya wameipigia chapuo, au Beira, au Durban, au Walvis Bay. Mwenye mzigo huhesabu siku, karatasi na rushwa, kisha huchagua.

Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya, mzigo wa Rwanda unatangazwa na kulipiwa kodi mara moja, nao maofisa wa forodha wa nchi za ndani wana watu wao Dar es Salaam. Tukitoka, mpangilio huo unakosa msingi wa kisheria, na kila kontena linarudi kwenye dhamana za safari na ukaguzi wa mpaka hadi mpaka. Tunajenga reli ya kisasa kwa mabilioni ya dola, ikielekezwa Mwanza, Kigoma na hadi Burundi, na sehemu kubwa ya hesabu yake imesimama juu ya mzigo wa majirani. Kuijenga reli hiyo huku tukipendekeza kutoka kwenye umoja na hao majirani ni mambo mawili yasiyoweza kukaa kichwa kimoja.

Yupo atakayesema mikataba ya nchi mbili inatosha, akitaja bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mfano huo naupokea kwa mikono miwili. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana bila sisi, zikapanga reli, viza na bomba lao, na hapa nyumbani kelele za kutoka zilikuwa kubwa. Novemba mwaka ule Rais Kikwete alilieleza Bunge kwamba Tanzania haina nia ya kutoka. Tukabaki, tukavumilia, tukaendelea kuzungumza. Mwaka 2016 Uganda, iliyokuwa ikijadili njia ya Kenya, ikaamua bomba lipite Tanga. Kama tungetoka kwa hasira mwaka 2013, sijui Kampala ingelikuwa na sababu gani ya kutuamini na mafuta yake miaka mitatu baadaye.

5. Waliotoka wamefika wapi

Uingereza inatajwa kana kwamba ni ushahidi wa upande wao. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walipiga kura ya kutoka. Waliahidiwa kwenye ubavu wa basi jekundu kwamba pauni milioni 350 kwa wiki zilizokuwa zikienda Ulaya zingeweza kwenda kwenye hospitali zao. Waliahidiwa kupunguza wageni. Ilichukua miaka mitatu na nusu kutoka, hadi Januari 31, 2020, na mawaziri wakuu wawili waliondoka kwa sababu ya jambo hilo. Ofisi huru inayokadiria bajeti ya nchi hiyo imekuwa ikihesabu kwamba tija ya uchumi wao itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko kama wangebaki. Wageni nao waliongezeka: katika mwaka ulioishia Juni 2023, tofauti kati ya walioingia na waliotoka ilizidi watu 900,000, na wengi wao hawakutoka Ulaya.

Lakini la kutazama zaidi ni la Mei 2025. Uingereza ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kuelekea mpango wa chakula na mazao ambapo itafuata kanuni za Ulaya ili ukaguzi wa mipakani upungue. Kanuni hizo zitaendelea kutungwa Brussels, Uingereza ikiwa haina kura. Hiyo ni nchi yenye uchumi wa sita duniani na silaha za nyuklia. Tanzania ikitoka itamlazimisha nani?

Kuhusu Mali, Burkina Faso na Niger: walitangaza Januari 28, 2024 kwamba wanatoka ECOWAS papohapo, lakini ilibidi mwaka mzima upite hadi Januari 29, 2025. Nchi hizo tatu hazina bahari. Zimebaki kwenye umoja wa sarafu ya CFA pamoja na baadhi ya nchi zilezile walizoachana nazo, na tangu watoke wamekuwa kwenye mazungumzo na ECOWAS kuhusu watu na bidhaa kuendelea kupita. Walikuwa na hasira ya kweli, hasa Niger, iliyofungiwa mipaka na kukatiwa umeme na Nigeria baada ya mapinduzi ya Julai 2023. Hata hivyo baada ya hasira wamerudi kujadili palepale. Mauritania ilitoka ECOWAS mwaka 2000, na mwaka 2017 ikasaini mkataba wa kushirikiana nayo.

6. Na Zanzibar?

Katika kura ya Uingereza, Scotland ilitaka kubaki kwa asilimia 62 na Ireland ya Kaskazini kwa asilimia 55.8. Walitolewa wote. Ireland ya Kaskazini ilikaa bila serikali inayofanya kazi kuanzia Februari 2022 hadi Februari 2024 kwa ugomvi wa ukaguzi wa bidhaa kati yake na Uingereza yenyewe.

Nasi ni nchi ya muungano. Mambo ya nje ni ya Muungano, hivyo uamuzi wa kutoka utafanywa na Bunge la Jamhuri, ambamo Wabara ni wengi kwa mbali. Lakini Pemba na Mombasa ni ndugu wa damu, wa jahazi na wa biashara tangu kabla ya mipaka yote hii, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao Zanzibar. Tunakumbuka Zanzibar ilivyojiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu ikalazimika kujitoa mwaka 1993, na jinsi jambo lile lilivyotikisa Muungano na kuibua madai ya serikali tatu bungeni. Sasa fikiria Wapemba wanaambiwa kwamba Dodoma imeamua Mombasa iwe ng'ambo. Mtu anayetaka kuilinda Tanzania aanze kwa kujibu hilo.

Yanayotakiwa mezani

Mkataba wa Jumuiya haumfungi mtu. Ibara ya 145 inaruhusu nchi kutoka: theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura wakubali, kisha Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Mlango upo. Kwa hiyo mbunge atakayesimama Dodoma na hoja hiyo aje na majibu ya maandishi. Mkulima wa mahindi atauza wapi, na kwa ushuru gani, msimu wa kwanza baada ya kutoka? Mikopo ya reli italipwa na mzigo wa nani? Watumishi Watanzania wa taasisi za Jumuiya watalipwa mafao na mfuko upi, ili tusiwaone tena wazee barabarani? Wazanzibari wataulizwa kwa utaratibu gani?

Na jambo moja la mwisho la kuweka kwenye hoja hiyo. Leo Ibara ya 30 ya Mkataba inampa raia wa kawaida haki ya kuishitaki serikali yoyote mwanachama katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ndani ya miezi miwili tangu kitendo anacholalamikia kitokee. Mwaka 2019 kampuni ya tumbaku iliishinda Serikali ya Uganda katika mahakama hiyo kuhusu kodi iliyobagua sigara zilizotengenezwa Kenya. Sisi wenyewe tulishindwa humo mwaka 2014 kuhusu barabara ya lami kupita Serengeti, na nchi haikuanguka. Kampuni kubwa zina mawakili wa kuzifikisha huko. Wachuuzi wa mipakani, wa Namanga, Sirari, Mutukula na Horohoro, hawana, wala wengi hawajawahi kuambiwa kwamba haki hiyo ni yao. Nguvu zinazotumika kudai tutoke zingetumika kuwafungulia wao mashauri dhidi ya kila ofisa, wa nchi jirani au wa kwetu, anayezuia mzigo halali, tungekuwa na kesi kadhaa Arusha kabla ya msimu ujao wa vitunguu.